Saruji inashika mbio, dale linapasuka: tafuta chanzo kabla ya kulaumu mfuko

Kwenye shantie za Goma, yaani mahali pa ujenzi, kesi ya zege huamuliwa haraka, na mshitakiwa ni yule yule: mfuko. "Papa, hii simenti ni mbaya, inakamata mbio," fundi anamwambia mwenye nyumba, na mwenye nyumba anapanda pikipiki kwenda kugombana dukani. Mara chache fundi huwa na haki. Mara nyingi aliyekunywa maji ni jiwe la volkano, au upepo wa mchana umekausha uso wa dale (zege la bapa la sakafu au la ghorofa), au bido la pili la maji, yaani dumu la lita 20, limemwagwa bila mtu kuhesabu. Hata hivyo, ulaini wa saruji, yaani jinsi ilivyosagwa kiwandani, una mkono wake karibu katika kila dalili utakayoiona. Asiyeujua humrudishia muuza duka mifuko mizuri, kisha anajenga na mibaya.

Ulaini unafanya nini

Maji hugusa saruji kwenye uso wa punje tu. Mchemraba wa sentimita 1 una uso wa sentimita za mraba 6. Ukatekate uwe vijichemraba vya milimita 1, uso wote unafika sentimita za mraba 60, na uzito haujabadilika hata kidogo. Kinu cha kiwanda kinafanya kazi hiyo hiyo kwa klinka, yale mabonge yaliyochomwa tanuruni ambayo ndiyo kiini cha saruji, ikisagwa pamoja na jasi kidogo, mpaka punje nyingi zinakuwa chini ya mikroni 45 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Kipimo chake kinaitwa Blaine: hewa hupitishwa katika saruji iliyoshindiliwa, na kadiri inavyochelewa kupita ndivyo saruji ilivyo laini. Jibu hutolewa kwa mita za mraba kwa kilo. Saruji ya kawaida huwa kati ya 300 na 400 hivi, zile za kukomaa haraka hupita 450. Kwa Blaine ya 350, mfuko mmoja wa kilo 50 una uso wa mita za mraba 17,500, zaidi ya viwanja viwili vya mpira, na wewe unaulowesha kwa maji ya bido moja na kidogo.

Punje zisizofika mikroni 3 humaliza kazi yao siku ya kwanza. Zile za mikroni 3 hadi 30 ndizo zinazobeba nguvu ya siku 28. Zinazozidi mikroni 60 zinaweza kukaa miaka kiini chake hakijaguswa na maji. Kwa hiyo saruji laini hushika mapema, hutoa joto jingi katika saa za mwanzo, hutaka maji zaidi ili ikorogeke vizuri, na haiachii maji hayo yapande juu ya zege. Iliyosagwa nene ni mvivu asubuhi: inachelewa kushika, inaachia maji juu, nguvu yake inakuja polepole.

Kabla hatujaingia kwenye dalili, kuna mitego miwili.

Namba iliyoandikwa mfukoni, 32.5 au 42.5, haisemi ulaini. Ni nguvu ya chini kabisa, kwa megapaskali, ambayo sampuli ya maabara lazima ifikie siku ya 28. Herufi inayofuata, N au R, inatofautisha nguvu ya mapema: 42.5 N inatakiwa ifike megapaskali 10 baada ya siku mbili, 42.5 R ifike 20. Kanuni ya Ulaya EN 197-1, ambayo alama zake zinaonekana kwenye mifuko mingi inayofika huku, haina kikomo cha ulaini hata kimoja. Viwanda viwili vinaweza kuuza 42.5 N zinazofanana kwa maandishi, moja ikawa laini kuliko nyingine, na fundi aliyezoea ya kwanza ataona ya pili "imebadilika".

Mtego wa pili ni kidole. Mafundi wengi husugua saruji kati ya kidole gumba na cha shahada, wanatikisa kichwa, wanatoa hukumu. Kidole hakiwezi kutofautisha mikroni 10 na mikroni 40. Kinachoweza kugundua ni mabonge na mchanga uliochanganywa, basi. Tena saruji nyingi za ukanda wa Maziwa Makuu zina pozolana, vumbi la volkano lililosagwa pamoja na klinka. Pozolana kwa kawaida ni rahisi kusagika kuliko klinka, kwa hiyo ndiyo inayopata Blaine kubwa huku klinka ikibaki nene. Saruji ya namna hiyo inateleza mkononi kama unga, na bado itachelewa kushika. Ukisikia mtu anasema "hii ni laini, lazima iwe kali", mwulize kwanza ina klinka kiasi gani.

Zege linakuwa gumu kabla halijamwagwa

Hii ndiyo lawama inayosikika zaidi Goma, na ina vyanzo visivyopungua vinne. Vitenganishe kwa jaribio la nusu saa.

Chukua saruji kutoka mfuko ule ule, gramu 500, na maji mililita 150. Koroga dakika tatu. Tengeneza mkate mdogo wa upana wa kiganja juu ya kipande cha kioo au kigae, uweke kivulini chini ya kitambaa kibichi kisichougusa. Kisha rudi kwenye zege lako. Kama baada ya nusu saa ukucha bado unazama kwenye mkate bila shida, ilhali zege kwenye burweti (toroli) limekataa kusogea, saruji haina kosa.

Kosa liko kwenye kokoto. Jiwe letu linatokana na lava, na lava ilipopoa iliacha matundu ya gesi. Vunja kipande ukitazame: kuna vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini, vingine vikubwa kama punje ya mahindi, na kila kitundu kinachofunguka kwenye uso ni kinywa. Rundo la kokoto nyeusi lililokaa juani tangu asubuhi lina kiu na lina joto, yote mawili kwa pamoja. Likiingia kwenye mchanganyiko, katika dakika kumi za kwanza linafyonza maji ambayo ulihesabu kuwa ya saruji. Fundi anaona zege limekaza, anaongeza maji. Jiwe likishashiba, maji ya mwisho yanabaki kwenye uji wa saruji, na hapo nguvu imekwisha kupotea. Dawa yake ni kulowesha rundo jioni ya kuamkia siku ya kumwaga, kulilowesha tena alfajiri, na kuliacha lichuruzike. Kokoto liingie limeshiba lakini halidondoshi maji. Vumbi la kuponda mawe nalo linakunywa. Kama kokoto limevaa poda, lichekeche kwa chekecheke au lioshe.

Kama mkate wenyewe umekaza ndani ya dakika chache, sasa twende kwenye saruji. Ushike. Je, una joto? Ukoroge upya bila kuongeza hata tone. Unalainika?

Ukiwa baridi na ukalainika, umekutana na ushikaji wa uongo. Jasi iliyosagwa pamoja na klinka ilipata joto kali ndani ya kinu, ikapoteza sehemu ya maji yake. Ikikutana na maji yako inaganda mapema yenyewe, klinka bado haijaanza. Viwanda vinavyosaga sana hupasha vinu vyao sana, kwa hiyo ulaini unachangia hapa kwa mlango wa nyuma. Saruji hiyo inafaa. Koroga dakika mbili tatu zaidi ya kawaida, usiongeze maji, endelea na kazi.

Ukiwa na joto na ukakataa kulainika, jasi haikutosha. Sehemu ya klinka inayowahi kuliko zote, ile wanayoiita C3A, imekimbia bila breki. Saruji inaposagwa laini zaidi, C3A nyingi zaidi inakuwa wazi kwa maji, na jasi lazima iongezwe kulingana. Kiwanda kikisahau, matokeo ni haya. Usijaribu kuiokoa. Andika namba ya toleo iliyo kwenye mfuko, weka mkate wenyewe kama ushahidi, rudisha mifuko. Ni jambo la nadra, lakini likitokea halina majadiliano.

Chanzo cha nne si kosa la mtu. Saruji inaanza kushika baada ya saa moja na robo, na fundi amezoea saa mbili na nusu. Kwa EN 197-1, daraja 42.5 haitakiwi ianze kushika kabla ya dakika 60, na 32.5 kabla ya dakika 75. Saruji yako iko ndani ya sheria; ratiba yako ndiyo haiko. Koroga kidogo kidogo, weka mapipa ya maji kivulini, panga watu wa kubeba karai kabla hujafungua mfuko wa kwanza. Ila zege likishaanza kukaza, usiliamshe kwa maji. Hicho kitendo kimoja kinaharibu dale kuliko kiwanda chochote.

Neno dogo juu ya maji ya Ziwa Kivu, kwa kuwa mabido mengi ya shantie yanajazwa huko. Maji hayo yana chumvichumvi za madini nyingi kuliko ya mvua, na kabonati zinaweza kubadilisha muda wa kushika. Tengeneza mikate miwili, mmoja kwa maji ya ziwa na mwingine kwa maji ya mvua au ya kunywa. Ikitofautiana kwa zaidi ya nusu saa hivi, tafuta maji mengine kwa kazi ya nondo.

Kesho yake ukucha bado unaingia

Hapa ulaini unaweza kuwa na hatia kwa upande wa pili: saruji nene, au pozolana nyingi. Usiku wa Goma, karibu mita 1,500 juu ya bahari, unashuka hadi nyuzi 15 hivi, na saruji ya pozolana haipendi baridi. Kabla ya hayo ondoa visingizio vya kijinga: pipa lililokuwa na sukari au pombe ya kienyeji (sukari kidogo sana inatosha kuzuia saruji kushika), mchanga wenye udongo na mizizi, na maji kupita kiasi.

Jaribio la chupa linasaidia sana hapa. Kata vichwa vya chupa mbili za plastiki za maji. Ya kwanza ijaze uji wa saruji unayoishuku, ya pili saruji unayoiamini, uzito sawa wa saruji, mchanga ule ule, maji yale yale. Gonga mara chache ili hewa itoke, uweke mahali pasipotikisika, ufunike. Baada ya saa moja na nusu tazama kwa ubavu. Saruji laini itakuwa na utando mwembamba wa maji juu, pengine hakuna kabisa, na uso wake unafifia mapema. Nene itakuwa na maji ya unene wa kidole kidogo, meupe kidogo, na chini utaona mchanga umekaa kwa tabaka. Huwezi kupata namba ya Blaine kwa chupa, lakini utajua ni ipi kati ya mbili iliyo laini, na mara nyingi hilo ndilo swali.

Ukigundua ni nene au ya pozolana, dale halijafa. Lipe muda. Miti ya kuegemezea ibaki siku 28 kamili badala ya 14 ambazo mafundi hupenda, na unyevu usikatike. Aliyezoea 42.5 akapewa 32.5 ya pozolana na akatoa miti kwa kalenda ile ile ya zamani, ndiye anayepata dale lililolegea katikati. Halafu anasema saruji imeibiwa.

Nyufa: uliza zilionekana lini

Ukubwa wa ufa haufundishi sana. Saa yake ndiyo inayosema.

Zilizotokea kabla ya jua kuzama siku ya kumwaga. Tazama mwelekeo. Nyufa fupi, sambamba au za mshazari, zilizoachana kwa sentimita thelathini mpaka mita moja, ambazo hazifiki ukingoni mwa dale, ni za kusinyaa kwa zege bichi. Upepo umechukua maji ya juu haraka kuliko yanavyopanda kutoka chini. Kikomo kinachotajwa na wahandisi ni lita moja kwa mita ya mraba kwa saa. Kwa saruji laini isiyoachia maji, hata nusu ya hapo inatosha kupasua. Hapa ndipo ulaini unapodai deni lake waziwazi: sifa ile ile iliyokufurahisha, kwamba zege halitoi maji juu, ndiyo inayouacha uso wazi mbele ya upepo. Kati ya Juni na Agosti, kwenye nyumba ya ghorofa ya kule mitaa ya Himbi au Kyeshero yenye upepo wa ziwa unaopiga mchana, usimwage dale saa sita. Anza alfajiri, maliza kabla ya saa nne, funika kwa plastiki nyuma ya mwiko, kipande kwa kipande, bila kungoja dale zima liishe. Nyufa zikionekana zege likiwa bado bichi, zipigie mwiko zifunge, kisha funika hapo hapo.

Kama nyufa zinafuata mistari ya nondo, ukipima unaona zimeachana kwa sentimita ishirini sawa na nondo zenyewe, hadithi inageuka. Zege lilishuka, nondo haikushuka. Hilo ni la maji mengi, la saruji inayoachia maji, la kutoshindilia vizuri. Saruji nene na mabido mawili kwa mfuko hukaa pamoja kwenye kesi hii. Ukileta saruji laini zaidi dalili itapungua, lakini ukipunguza maji itaisha.

Utando wa nyufa nyembamba mno zinazoonekana sakafu ikilowa na kukauka nusu, vipande vya ukubwa wa kiganja: huo ni ugonjwa wa ngozi. Fundi alinyunyiza saruji kavu juu ya maji yaliyopanda, akapiga mwiko mpaka pakang'aa. Tabaka la juu likawa saruji tupu, na saruji tupu husinyaa kuliko zege lililo chini yake. Ikiwa laini ndiyo inasinyaa zaidi. Haidhuru nyumba, ila inaudhi macho, na sakafu itatoa vumbi kwa miaka.

Zilizotokea baada ya wiki au miezi, zilizonyooka, zinazokata dale refu katikati au kuanzia kona ya mlango. Hizi ni za kukauka. Ulaini unazichangia kwa njia isiyoonekana haraka: zege lililokomaa mbio linakuwa gumu mapema, halitanuki na kulegea chini ya mvutano kama linalokomaa polepole, kwa hiyo linakatika mahali ambapo jingine lingejinyoosha. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisifia zege kwamba "siku ya tatu tayari ni jiwe", akiwa anajenga uzio wa mita arobaini bila kiungo hata kimoja. Sakafu ya sentimita 10 ikate viungo kila mita mbili na nusu hadi tatu, saruji iwe yoyote.

Misingi minene na vitako vikubwa vya nguzo vina shida yao, ya joto. Ndani kuna moto, nje kuna usiku wa baridi, na ufa unatokea siku ya pili au ya tatu kofraji, yaani mbao za kushikilia zege, ikitolewa. Kwa kipande kinachozidi nusu mita kwa unene, chagua saruji ya pozolana hata kama ni 32.5, acha kofraji ikae, funika. Kwa kazi hiyo 42.5 R ni pesa ya kununua matatizo.

Halafu kuna nyufa ambazo hazihusiani na saruji kabisa. Mwezi Mei 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, mitetemeko ilifuatana kwa siku kadhaa na ardhi yenyewe ilipasuka mjini. Ufa unaopita mshazari ukutani kutoka kona ya dirisha, unaokata jiwe na udongo wa kuungia kwa pamoja, upande mmoja ukiwa umesogea kuliko mwingine, ni wa ardhi. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake na tarehe, utazame kama unakua. Usiupake saruji juu na kuuita umepona.

Jambo moja la kuipendelea saruji nene, kwa kuwa hakuna anayeitetea: saruji za zamani zilisagwa nene kuliko za leo, na punje zilizobaki na kiini kikavu zikipata maji ya mvua baadaye huendelea kufanya kazi na kuziba vifa vyembamba zenyewe. Zege la saruji laini sana limeshatumia akiba yote katika mwezi wa kwanza.

Nguvu haifiki

Lipime zege kwanza kabla hujalia. Mchemraba wa sampuli uliotunzwa ndani ya maji unasema saruji na mchanganyiko vikoje. Dale lenyewe linasema fundi alifanya nini. Vikitofautiana sana, achana na saruji.

Ikiwa siku ya 7 ni nzuri na siku ya 28 imeongezeka kidogo tu, una saruji laini iliyotoa yake yote mapema, na inaweza kuwa sawa kabisa kama namba ya siku ya 28 inatosha. Ikiwa siku ya 7 ni dhaifu na siku ya 28 imepanda vizuri, ni nene au ina pozolana, na itaendelea kupanda mpaka siku ya 90 ikipata unyevu. Zote mbili zikiwa chini, hesabu maji.

Kwa dozaji ya 350, yaani kilo 350 za saruji, ambayo kila mtu Goma anaitaja hata asipoifuata, ni mifuko saba kwa mita moja ya ujazo ya zege. Uwiano wa maji na saruji wa 0.5 ni lita 25 kwa mfuko: bido moja la lita 20 na robo yake. Mabido mawili kwa mfuko ni 0.8, na hapo umetupa karibu nusu ya nguvu. Hakuna usagaji wa kiwanda unaoweza kurudisha nusu hiyo. Saruji laini ina mtego wake hapa pia: kwa maji yale yale inaonekana nzito kwenye karai, fundi anaona haisogei, anaongeza lita tano, na faida yote ya ulaini imekwenda na hizo lita tano. Mchanga uliolowa mvua nao una maji ndani yake. Yapunguze kwenye hesabu.

Kisha unyevu. Maji ni ghali mji huu, lava haishiki visima na mabido yanakuja kwa pikipiki na chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma), kwa hiyo watu humwagilia dale siku mbili wakachoka. Pozolana hufanya kazi yake kubwa baada ya wiki ya kwanza, ikikuta unyevu. Ikikuta pakavu, inabaki vumbi tu ndani ya zege. Usimwage maji yakimbilie barabarani. Tandika magunia au majani ya migomba, yaloweshe mara moja, funika kwa plastiki iliyobanwa kwa mawe pembeni, uongeze maji kidogo kila baada ya siku mbili. Siku saba kwa saruji ya klinka tupu, kumi na nne kwa yenye pozolana.

Plasta inapasuka

Karibu kila mara ni 42.5 iliyotumiwa kwa kipimo cha 32.5, karai moja kwa tatu. Plasta haihitaji nguvu hiyo. Tumia 32.5, karai moja kwa tano au sita za mchanga, lowesha ukuta kwanza, hasa ukuta wa jiwe la volkano.

Mfuko uliokaa

Saruji laini inazeeka haraka, kwa sababu uso uleule unaokutana na maji ya bido unakutana pia na unyevu wa hewa. Vitabu vya ujenzi huhesabu hasara ya sehemu ya tano ya nguvu baada ya miezi mitatu ghalani, na zaidi kwenye ghala linalovuja. Bonge linalovunjika kwa vidole ni la kushindiliwa tu, tumia. Linalohitaji nyundo limeshashika: chekecha, na kilichopita kwenye chekecheke kitumie kwenye udongo wa kuungia mawe, kisiingie kwenye kolone (nguzo). Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, na ya zamani itoke kwanza. Mshono wa mfuko uangalie pia. Uzi wa rangi mbili au matundu ya sindano mara mbili maana yake mfuko umefunguliwa mahali fulani njiani, na hapo hakuna jaribio litakalokuambia ndani kuna nini.

Ukinunua kwa lori, mwombe muuzaji cheti cha kiwanda cha toleo hilo na usome mistari minne: Blaine, muda wa kuanza kushika, nguvu ya siku 2 au 7, na nguvu ya siku 28. Blaine ya 480 yenye nguvu ndogo ya siku 2 ni pozolana inayojionyesha. Blaine ya 300 yenye nguvu nzuri ya siku 28 ni saruji ya msingi na ya kazi nene, usiikatae kwa sababu tu fundi anasema inachelewa. Toleo likibadilika katikati ya dale moja, tengeneza mkate mwingine kabla ya kufungua mfuko wa kwanza wa lori la pili.